Kisahani Chini ya Ua

Je, ua langu ndilo lililomletea yule mtoto homa?

Miaka ya ruksa, mwishoni mwa themanini, nilitoka chuo kikuu kufundisha Newala, nikapanga chumba, nikaweka ua dirishani. Kila nilipolimwagilia, maji yalichuruzika kwenye kisahani chini yake.

"Mwalimu, sisi tunayapandisha kwa kichwa toka bondeni, wewe unamwaga?" mama mwenye nyumba alinitania. "Lirudishie ua lako maji hayo kesho."

Nikayaacha humo kisahanini. Mwanawe alipokimbizwa hospitali ya Ndanda kwa malaria, nilichungulia kisahani nikaona viluwiluwi vya mbu. Nilivimwaga kwa siri. Kila gari lililosimama nje nilidhani limeleta maiti.

Mtoto alipona. Mama yake sikuweza kumtazama usoni mpaka nikahama.

Baadaye sana nilijifunza kwamba mbu wa visahani vya maua, kwa kawaida, si wale wa malaria.