Ukurasa wa Mama Mdogo

Asali yetu ilikuwa na jina la babu. Baba mdogo ndiye aliyeanza kuliandika kwenye chupa, huko Matogoro alikokuwa na mizinga yake. Alipofariki, mjane wake aliendelea kuuza kwa jina lilelile kupitia ukurasa wao wa mtandaoni. Mimi nilikuja nyuma. Nilifungua duka la asali mjini Songea, nikanunua anwani ya tovuti yenye jina la babu, kisha nikalisajili jina hilo kuwa alama ya biashara yangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba babu ni wetu sote.

Ikatokea duka kubwa la Dar es Salaam likaitaka asali yangu, ila kwa sharti: asiwepo mwingine mtandaoni anayeuza kwa jina hilo. Nikawaandikia wenye mtandao kwamba kuna ukurasa unatumia alama yangu bila ruhusa, nikaambatanisha cheti cha usajili. Walipouliza kama namfahamu mwenye ukurasa, nikajibu simfahamu.

Ukurasa ukaondolewa. Zaidi ya mwezi ulipita kabla mama mdogo hajaja dukani, simu mkononi, amechoka kujaribu peke yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie, wewe ndiye unayejua mambo haya. Ukurasa wetu haufunguki. Kuna maneno ya Kiingereza waliniletea, nikadhani ni matangazo tu."

Nikaipokea simu, nikajifanya nasoma.

"Asali si kitu," akaendelea. "Wateja wananijua. Ila mle ndani kuna ile video ya baba yako mdogo anarina asali huku akiimba Kingoni. Simu iliyoirekodi ilishakufa. Watoto wakimkumbuka, ndiyo wanayoifungua."

Ningeweza kusingizia mtandao, naye angeniamini.

"Ni mimi, mama mdogo. Mimi ndiye niliyewaandikia wakaufunga."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulipoonana.

"Si ungenipigia tu?" akasema. "Ningelibandua hilo jina."

Jioni ileile niliyaondoa malalamiko yangu. Wakanijibu kwamba muda wa kukata rufaa umepita na ukurasa umefutwa kabisa. Niliandika tena, nikabembeleza, nikaeleza habari za marehemu. Jibu likarudi lilelile, neno kwa neno. Niliwapigia ndugu wa Peramiho, nikawatafuta hata wa Tunduru, labda kuna aliyeihifadhi ile video. Wengi waliikumbuka. Hakuna aliyekuwa nayo.

Lile duka la Dar nikalikatalia. Alama ya biashara nikaihamishia kwa mama mdogo, pamoja na ile tovuti. Aliweka sahihi pale nilipomwonyesha, kisha akarudi kwenye ndoo yake kuchuja asali. Nikamwambia nitamfungulia ukurasa mpya, mzuri kuliko ule wa kwanza.

"Fungua, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Lakini mimi nitaweka nini humo?"