Fundi Aliyesubiri Rinda

Enzi zetu, wenzangu, gauni jipya lilikuwa jambo la kutangazwa. Likishonwa Izimbya, Rubafu wanasikia. Leo mjukuu wangu Kemi kaja kutoka mjini Bukoba, kafungua sanduku langu, anarusha nguo zangu kitandani kama anachambua maharage mabovu. "Bibi jamaniii! Hii haikutoi! Hii nayo imepitwaaa! Bibi, lazima uwe na staili yako!" Mdomo kauchongoa hivi, kama bata. Nimemwacha arushe. Magoti yananiuma, sina nguvu ya kubishana. Staili yangu niliipata kabla mama yake hajazaliwa, na niliipata kwa makosa.

Mnakumbuka tulivyovaa? Nguo inaanza kwa dada mkubwa, inashuka kwa wa pili, wa tatu, ikinifikia mimi kwapa zimekwisha, inanuka moshi na utomvu wa ndizi. Na mimi nilikuwa mrefu, mwembamba, miguu imetangulia mwili. Wenzangu wakiruka kamba, mimi mkono mmoja unashika gauni lisipande. Mama alikuwa akinitazama, anageuza uso. Mtoto anajua mama yake akimwonea aibu.

Mwaka wangu wa kipaimara, mama akakataa. "Huyu haendi kusimama mbele ya kanisa na matambara ya dada yake." Shule sikwenda, katekisimu nzima niliishika kwa masikio, nikawa naiimba kibanjani nikikata majani makavu ya migomba. Kahawa ilipouzwa, mama akateremka mjini, dukani kwa Mhindi mmoja mzee. Tulimpenda yule baba. "Mama, hii popilini mazuri sana, osha, osha, hapana toka rangi!" Naye mama alikuwa akirudi nyumbani anamwiga hivyo hivyo mpaka tunashika mbavu. Kitambaa cheupe, kinanukia upya. Nililala nacho mashavuni.

Sasa mama Kiswahili alikuwa amekiokota mjini, nusu nusu. Kaona wasichana wa huko wana gauni zilizokunjwa kunjwa kiunoni, ukizunguka zinafunguka kama mwavuli. Akaambiwa lile linaitwa rinda. Ila sisi Wahaya, R na L kwenye ulimi wetu ni tumbo moja. Akanituma na kitambaa kwa fundi Kamugisha: "Akupime. Halafu umwambie, linda."

Na kwetu linda maana yake subiri.

Fundi Kamugisha alikuwa anashonea barazani, pini zimejaa mdomoni saa zote. "Fimama wima. Inua mkono. Mama kafema nini?"

"Kasema linda."

"Haya. Nitalinda." Akakunja kitambaa, akakiweka rafuni.

Wiki tatu! Jumamosi tukaenda na mama kuchukua gauni, kesho yake ndiyo kipaimara. Kitambaa kimelala pale pale.

"Fundi! Gauni la mwanangu?"

"Fi ulifema nilinde? Nimelinda! Nikajua unakuja mwenyewe kuchagua mfono."

"Linda! Linda la kukunja!" Mama anajikunja kunja sketi yake pale barazani, watu wanatazama.

"Aaa. Rinda." Fundi akatema pini. "Mama, rinda lina kazi, na pasi ya mkaa juu. Leo naweza la kunyooka tu."

"La kunyooka, kwa huyu? Atakuwa mwiko wa jikoni!"

Nikalia. Wenzangu wote walishonewa rinda, nami niliona nitakavyosimama kati yao, mwiko kwenye maua.

Fundi akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Waitu mama, mtoto ni mrefu, ana mabega mazuri. Rinda lingemmeza. Mwache anyooke."

Sikuwa nimewahi kuambiwa nina mabega. Akakata hapo hapo, cherehani ikalia mpaka jua likageuka.

Jumapili wasichana wa rinda upepo wa ziwa uliwakomesha. Huyu anashika mbele, nyuma kunapanda, mchungaji anasubiri. Mimi nimesimama, gauni limetulia, mabega yangu haya yote mawili yapo. Mke wa mchungaji akauliza, "Huyu ni binti wa nani?" Mama akajibu kabla hajamaliza.

Kutoka pale mama hakutangulia njiani kama siku zote. Akanisukuma mgongoni kidogo. "Pita mbele, nikuone." Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, mimi naogopa hata kugeuka.

Basi maisha yangu yote nimevaa la kunyooka. Kitenge, hata gauni la harusi: la kunyooka. Siku hizi nguo zinatoka huko mbali, kwa watu wasiojua mgongo wako ulivyo. Kemi anavaa zake, anajipiga picha, anaitazama, anakunja uso, anavua, anavaa nyingine. Kitanda kimejaa na mtoto hana raha. Simu ndiyo anayoiuliza.

Mwisho kaja kusimama mlangoni, ule mdomo wa bata umekwisha. "Bibi, imenitoa?"

"Geuka," nikamwambia. Akageuka polepole.

"Imekutoa, mwanangu. Imekutoa kabisa."

Kwa macho yangu haya ya uzee, nilichoona ni wekundu wa gauni tu, unazunguka mlangoni.