Sengu ya Jiko Moja

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyoteremka melini upande wa pili wa ziwa, huko Nyasaland. Miguu bado inayumba, binti yangu Agata amening'ang'ania kanga, na mdogo wake Blasi mgongoni amenitapikia shingoni. Mume wangu Kolumbani alikuwa amepata kazi ya kugema mpira kwenye shamba la mzungu. Mdogo wake Otmari alitangulia huko na vijana wengine wa kwetu, Wamatengo watupu. Walitupokea kwa nyimbo, nikafurahi, nikasema kumbe hata ugenini tuna ndugu.

Utauliza nina mvi ngapi hata nikuite mwanangu. Sina hata moja. Lakini aliyezika mtoto nchi ya watu ana haki ya kusema, nawe unayefunga mizigo sasa umfuate mume, kaa usikie.

Sengu unaijua. Kwetu Mbinga, jioni kila mama hupeleka chakula kwa babu, na wanaume wa ukoo hula pamoja hapo na kuzungumza mambo yao. Ni desturi nzuri, siitukani. Mgeni anashiba, mvivu anaonywa, na mtoto akikosa jikoni kwa mama yake anaingia kwa shangazi, kwa mama mkubwa, popote penye moshi.

Basi wale vijana wakamwambia mume wangu: kaka, wewe ndiye mkubwa hapa, sengu iwe kwako. Kichwa kikamvimba. Hakuna aliyeuliza nani atapika. Mwanamke wa Kimatengo katika kambi nzima nilikuwa mimi peke yangu.

Posho ilitolewa kwa mfanyakazi, watoto hawakuwamo. Vijana siku nyingine walileta unga, siku nyingine walileta mikono tu, unga wameshaubadilisha kwa pombe. Napika chungu kimoja, kinakwenda nje kwa wanaume, kinarudi kimekombwa. Wanangu wanachovya ugali kwenye maji ya maharage. Nikimwambia Kolumbani, ananijibu, "Nitawafukuzaje ndugu zangu? Nyumbani watasema nini?" Nyumbani! Ng'ambo ya ziwa lote lile.

Na Otmari akinisikia nanung'unika: "Shemeji, shule imekuharibu. Mwacha mila ni mtumwa."

Blasi akaanza kuvimba miguu. Nywele zikawa nyekundu, laini kama ndevu za mahindi. Akaacha kucheza, kisha akaacha hata kulia, na mtoto mgonjwa akiacha kulia, mwanangu, usidhani ametulia. Otmari akamtazama, akasema mbele ya watu kwamba mtoto amebemendwa, yaani mimi na baba yake tumelala pamoja kabla hajaacha kunyonya. Vijana wakacheka huku wanalamba vidole. Mchuzi wa mwanangu ulikuwa kwenye vidole hivyo.

Jirani yetu alikuwa Bibi Ester, Mnyasa wa Chiwanda, upande wetu wa ziwa, aliyeolewa huko zamani. Siku ya pili yake nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alimpokea Blasi, akambonyeza mguu, kishimo kikabaki.

"Nani amesema huyu amebemendwa?"

"Baba yake mdogo."

"Huyu hajala. Mnampa nini?"

Nikamweleza habari ya sengu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Huko kwenu, sengu moja ina majiko mangapi?"

"Kila nyumba na jiko lake, bibi."

"Na hapa?"

Nikamwonyesha kidole kimoja.

"Basi hiyo si sengu, binti yangu. Hao ni wanaume wanakula chakula cha mtoto. Unangoja nani aseme?"

Jioni nilipotoa chungu sikukiweka nikarudi ndani kama ada. Nilikaa katikati yao, Blasi mapajani, Agata ubavuni, nikaanza kuwalisha.

"Shemeji," Otmari akasema, "tangu lini mwanamke anakaa kwenye sengu?"

"Tangu leo. Anayetaka kula aoe, apikiwe."

Akamgeukia kaka yake. "Unamsikia mkeo?"

Kolumbani alikuwa anautazama mguu wa Blasi. Kila siku alimwona mgongoni kwangu, amefunikwa. "Namsikia," akasema. "Nendeni mkapike kwenu."

Agata alikula akashiba. Blasi alimeza kidogo, tonge lililofuata likamtoka mdomoni. Bibi Ester akaleta maziwa ya mbuzi na mchuzi wa samaki, tukamnywesha kwa kijiko, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulimzika pembeni mwa miti ya mpira. Otmari ndiye aliyechimba kaburi, akilia kuliko mimi. Sikumwambia pole. Mpaka leo sijamwambia.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini kuujua bila kuusema hakumshibishi mtoto. Mwanangu, desturi husimama juu ya watu. Ukiivusha maji ukawaacha mashangazi na majiko yao, umebeba jina tu. Kabla hujamtii mtu yeyote ugenini, pakua cha mtoto kwanza, umwone anameza. Mumeo akikuuliza nyumbani watasema nini, mwambie wa nyumbani hawatakuwapo siku ya kuzika. Na usingoje bibi wa watu akuambie unachokiona kwa macho yako mwenyewe.

Haya, nenda. Mungu akutulizie ziwa, akupe jirani mwenye ukali kama wa yule bibi, na wanao uliovuka nao uvuke nao wote kurudi.