Namna tulichagua banque ya salaire ya bwana yangu, mutu mwenye hajue kukatala (Kolwezi, wakati ya Zaïre)

Bakubwa wa humu ndani, jambo yenu.

Mi ni mama ya Kolwezi, Kiswahili yangu ni ya kule, munivumilie. Naona munabishana hapa juu ya compte gani ya salaire haina frais, yale makato ya banque. Basi na mi naleta yangu. Sitaongeza chumvi, ni bitu byenye niliona na macho yangu.

Ilikuwa wakati ya Zaïre, pesa ingali na nguvu. Tulikaa Musonoi, cité ya bafanyakazi ba mine ya shaba. Bwana yangu, baba Kapinga, alikuwa fundi wa mashini.

Paie, mushahara ya mwezi, ilikuwa ya mukono. Unasimama ku guichet, ku dirisha ya pesa, banaita jina yako, banakupa enveloppe.

Na inje ya barrière, mulango ya mine, bandugu banangoja.

Sisemi bubaya, ndugu ni ndugu. Lakini baba Kapinga hakuwa na neno "hapana" mu kinywa. Shemeji ya mujomba, jirani wa zamani, mutu mwenye alikunywa naye bière mara moja tu, bote balipata. Enveloppe ilitoka ku guichet nono, inafika ku nyumba imekonda.

Mwaka mumoja ilikonda kabisa. Kapinga, mutoto wetu wa kwanza, alikuwa amepita mutihani ya kuingia lycée, njo sekondari, na pesa ya masomo haikuwako. Akabaki ku nyumba, tunauza beignets, mandazi, naye ku barabara. Hakulia mbele yetu. Directrice, mukubwa wa lycée, alikubali kumulindia nafasi mwaka mumoja, haizidi.

Kila asubuhi nikiona batoto benzake banapita na blouse nyeupe, roho iliniuma. Nilikuwa na hasira na bwana yangu, niseme kweli.

Njo kampuni ya mine ikatangaza: mwenye anataka, salaire yake itaingia ku banque moja kwa moja. Achague banque, alete numéro ya compte.

Banamuke wengi ba Musonoi balikasirika. Enveloppe yenye hauioni, utaifuata wapi? Mi nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha sahani.

Banque zilikuwa mbili.

Ya kwanza mu ville, katikati ya muji, milango ya vioo, ventilateur juu. Salaire ikiingia moja kwa moja, banafuta frais ya kila mwezi, na banakupa chéquier, kitabu ya hundi, bule. Unaandika, unasaini, mutu anaenda kuchukua.

Ya pili ilikuwa Manika, karibu na soko. Guichet mbili, rangi imetoka ku ukuta. Na kule frais inafutwa, lakini usitoe pesa zaidi ya mara mbili mu mwezi. Ukizidisha, frais inarudi. Chéquier hakuna, ni livret tu, kitabu kidogo ya kuandikia pesa yako. Na banafunga saa sita ya muchana.

Sasa nyinyi munachagua gani? Baba Kapinga alitaka ya vioo. Barafiki yake balikuwa banatembeza chéquier mu mufuko ya abacost, ile suti ya wakati ya Mobutu, inatokeza kidogo ili batu baone.

Nikamuuliza kama mutu mwenye hajue kukatala anapewa chéquier ya nini. Akasema namuongelesha kama mutoto. Akabaki na ya vioo.

Asubuhi yenye alipewa congé ya kazi tukaenda mu ville, tumevaa kama batu ya misa. Karani akaweka karatasi ku meza. Baba Kapinga akashika bic, kalamu ya kusaini.

Njo Kabeya akaingia. Kabeya ni mutoto wa baba mudogo wa bwana yangu, wa kwanza kufika ku barrière kila paie. Akaona karatasi, akaona chéquier ya mufano ku meza. Alifurahi na roho safi, siwezi kumusingizia. Akashika mukono ya mukubwa wake, mwenye anamuita yaya:

"Yaya, Mungu ni mukubwa. Sasa sitakusumbua tena ku barrière. Utakuwa unaniandikia tu."

Baba Kapinga akacheka. Kisha kicheko ikaisha, akabaki anaangalia ile bic. 

Akaweka bic chini, akaomba karani samahani, tukatoka.

Tukashika njia ya Manika. Tulipofika karibu na soko akasimama.

"Mama Kapinga, mi siwezi. Nikiona mutu mu macho, siwezi."

Hasira yangu yote iliishia pale. Nilikuwa nafikiri hajali, kumbe alikuwa anaumia.

Karani wa Manika, mama mumoja mupole, akamuuliza anafanya kazi saa ngapi. Asubuhi. Na banque inafunga saa sita, basi nani atakuja kutoa pesa? Baba Kapinga akanionyesha na kidole, bila kufikiri. Akasaini procuration, karatasi yenye inaniruhusu kutoa pesa ku jina yake.

Paie yenye ilifuata, bandugu balisimama ku barrière. Akabaambia ukweli: pesa iko Manika, muulize mama Kapinga. Wachache balikuya. Bibi ya Kabeya alipozaa, nilitoa, na nilitoa muzuri. Kabeya alipokuya kuomba ya bière, nilimupa kiti na chai.

Balisema nimemutia bwana yangu mu chupa. Nilicheka tu.

(Najua kuna mwenye ataandika: pesa ya zaïre si ilianguka, banque ikakula pesa ya batu? Ndiyo, ilianguka. Sisi hatukuilalisha, iliingia ikapata kazi.)

Mu Septemba tukalipa lycée. Baba Kapinga alimusindikiza mutoto, na Kapinga alipoingia mu darasa, baba yake hakuondoka. Alibaki ku lupango, mu kiwanja ya lycée, mpaka kengele ikalia. Akaniambia:

"Mwaka mzima nilikuwa namuambia angoje. Leo hata hakugeuka kuniangalia."

Alisema vile anatabasamu, macho imejaa machozi. Na mi nililia, sioni haya.

Basi bandugu, mi nilijifunza hivi: kabla ya kuuliza compte gani haina frais, uliza pesa yenu inapotelea wapi. Ile banque ya vioo ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ya mutu kama bwana yangu.

Comments ziko wazi, hata za kunitukana. Ila munijibu na hii moja: ku kwenu, nani njo anajua kukatala?