Mwanga wa Ukuta wa Jirani

Miaka thelathini na minne nimepiga watu picha majumbani mwao, na taa sijawahi kumiliki. Taa yangu ni mlango au dirisha. Nafika mji, napanga chumba, nazunguka na begi moja: kamera, filamu, mashati mawili, sufuria, shuka jeupe. Chumba nakichagua kwa dirisha lake, kitanda sikiulizii. Mke wangu alizoea kuwaambia wenye nyumba, "Mzee huyu anapanga dirisha. Chumba mnamwongezea tu."

Tulisafiri pamoja. Mimi nashika kamera, yeye anashika shuka kurudishia mwanga upande wa uso wenye kivuli. Na anaongea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Mtu akikaa mbele ya kamera anakauka kama ubao. Mke wangu anamtupia neno: "Baba, hiyo shingo umeazima? Mbona unaogopa kuikunja?" Mtu anacheka, kicheko kinapita, na pale kinapoishia ndipo nabonyeza. Kicheko chenyewe nakiacha kiende.

Alifariki mwaka jana. Aliugua siku tisa. Kitandani mpaka leo nalala upande wangu.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kazini. Picha zilitoka safi, mwanga hauna kasoro, ila nyuso zilikuwa za watu wanaosubiri hukumu. Binti yangu alizikagua zote. Kamrithi mama yake, hana maneno ya kuzungusha.

"Baba, hawa watu umewafanya nini?"

"Sijawafanya kitu."

"Basi ndiyo shida yenyewe. Mama ndiye aliyekuwa anawafanya kitu."

Akataka niache. Nihamie kwake, chumba kipo, kamera nitundike ukutani. Nikamwomba nafasi ya mtu mmoja, uso mmoja. Ukitoka umekufa, nahamia kwake na sibishani tena. Akakubali. Anajua nikisema nimesema.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya fundi wa kuchomelea vyuma. Aliyeniita ni mkewe. Alinipangia mezani picha sita za mumewe, za kitambulisho na za harusi za watoto. Zote kafumba macho.

"Mjukuu wetu kaniuliza, bibi, mbona babu kila picha amelala? Nataka moja tu yuko macho."

Fundi akadakia kutoka uani, "Mwambie babu amechoka kumsikiliza bibi!"

Macho yake yalikuwa yameumizwa na moto wa kazi. Mwanga ukimjia usoni, yanajifunga yenyewe. Nami nikamweka mlangoni, ninavyomweka kila mtu. Nikabonyeza mara mbili. Amefumba. Nikamsogeza dirishani, ya tatu, machozi yakamtoka. Hilo lilikuwa kosa langu, nilimpiga picha kwa mazoea. Nikatafuta neno la kumwambia.

"Fundi, legea."

Akakaza zaidi. Mkewe akaguna.

Nikaweka kamera chini. Maneno sina, lakini mwanga naujua. Nikatoka uani kuangalia. Nyumba ya jirani ina ukuta wa chokaa, unatazamana na mlango wa karakana ya fundi. Jua lilikuwa bado halijaufikia. Nikakisia kama saa nzima. Jua likiupiga ukuta ule, mwanga utaingia karakana umeshapoa, hauna makali.

"Tunasubiri," nikasema.

"Tunasubiri nini?"

"Ukuta."

Fundi akamgeukia mkewe. "Umeniletea mpiga picha au mganga?"

Nilimkalisha kwenye benchi la karakana, ubavu kwa mlango, macho kuelekea ndani kwenye giza, ambako hakuna kinachomchoma. Mkewe akaketi huko juu ya kreti, akishona kifungo cha ovaroli. Mimi kamera magotini, kimya. Dakika kumi za mwanzo fundi alikuwa ubao. Akakohoa. Akauliza kama nimelala. Nikasema hapana. Alipoona kwangu hapati mtu wa kuongea naye, akahamia kwa mkewe.

"Kifungo hicho unakishona mahali sipo."

"Njoo ushone wewe."

"Nasema tu."

"Unasema tu mwaka wa thelathini na nane huu. Nikukabidhi sindano?"

Jua likafika ukutani. Karakana ikaanza kujaa mwanga polepole, kama ndoo chini ya bomba dogo. Shavu la fundi likajitokeza. Nikainua kamera. Shavu la pili lilikuwa bado jeusi, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Mke wangu, shuka. Chini kidogo."

Nilisikia nilichosema. Fundi naye alisikia.

 Yule mama aliweka ovaroli chini, akachukua shuka juu ya begi langu, akalikunjua upande wa kivuli.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Fundi akamtazama mkewe amesimama na shuka la watu mikononi, na macho yake yakafunguka yote. Nikabonyeza mara moja. Filamu ilibaki na nafasi nane. Sikuzihitaji.

Jumamosi binti yangu alikuja na gari kuchukua vitu vyangu, akidhani nimeshindwa. Picha nilikuwa nimeisafisha, inakauka kwenye kamba. Akaisogelea mpaka karibu.

"Huyu anamtazama nani?"

"Mkewe."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Tulikaa saa nzima."

"Saa nzima kwa picha moja! Mama angeshamaliza ukoo wote."

"Angeshamaliza," nikakubali.

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Nilimwacha ajifute. Mke wangu alikuwa akiwaita watu watoke walikojificha, na walitoka. Mimi nawangoja. Ni kazi ya polepole, picha moja kwa siku, pengine mbili. Ninachokula ni kidogo na mashati ni yale mawili, kwa hiyo inanitosha.

"Begi umefunga?" akauliza.

"Nimefunga."

"La kuja kwangu?"

"La safari. Kuna mwalimu mstaafu mji wa pili, na dirisha nimeshapanga."

Akalitazama begi, akalibeba mwenyewe mpaka garini.

"Basi nikupeleke stendi."

"Nipeleke. Ila njiani uongee wewe."