Kupiga Magoti Kwenye Lava

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona lava hata kipande. Niliripoti ofisini Kasese asubuhi na mapema, shati limepigwa pasi, na Kiongozi Mkuu wa misafara akanivua viatu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, sote tulimwita Afande. Aligeuza buti langu, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Hii ni ya kwenda kanisa," akasema. "Kule mawe inakula soli. Rudi na ingine."

Nilirudi siku hiyo hiyo na buti za ngozi nene, na kazi ile nikaishika mpaka uzeeni.

Nyinyi mnaoanza kuongoza wageni leo mna simu zinazowaonyesha njia, wala siwaonei wivu. Simu haigongi mwamba. Lava ni mawe yaliyotoka mlimani yakiwa uji wa moto, yakapoa, yakaganda, na juu yake kuna gamba. Mahali pengine gamba hilo limefunika shimo tupu. Sisi tulitangulia na fimbo, tukigonga kila hatua: likilia zito unapita, likilia kama sufuria tupu unazunguka. Mgeni anakanyaga ulipokanyaga wewe, amevaa glavu, maana akianguka pale viganja vinachanika. Maji ya siku nzima mnabeba, kwa kuwa hakuna hata kijito. Nilikuwa hodari wa fimbo, nalisema bila haya.

Kutoka Kasese nilihamishiwa Bwera, kushughulikia karatasi za wageni mpakani. Kisha Meneja wa kampuni akanipeleka ng'ambo, Kongo, kwenye kambi iliyokuwa pembezoni mwa uwanda wa lava, mbali kabisa na barabara. Huko nilimkuta Afande, akanifundisha habari ya mazuku. Hiyo ni hewa mbaya, nzito, haionekani wala haina harufu. Inatoka ardhini na kulala mabondeni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Aliyesimama anaweza kupita salama. Anayekaa hainuki tena. Afande alifunga taa ya mafuta kwenye kamba, akaiteremsha bondeni. Ikazimika kabla haijagusa majani.

"Taa ikikufa, weye unafwata," akaniambia. "Mutu asikae kama taa haiyashuka."

Afande alipostaafu, nilipewa cheo chake. Asubuhi iliyofuata nilipumzisha wageni wanne kwenye kibonde chenye nyasi. Tulikuwa tumekula pale mara nyingi, lakini alasiri, upepo ukivuma. Taa ilikuwa ndani ya mzigo na niliona uvivu kuifungua. Niliwaambia wageni wanywe chai wamesimama, nikajiona nimemaliza kazi.

Mpishi wetu alikuwa Masika, binti wa Butembo aliyehamia Bwera na wazazi wake. Alikuja na kikombe changu. Juzi tu alinipa chai amesimama, tukitaniana, lakini sasa nilikuwa mkubwa. Akapiga magoti na kuinamisha kichwa, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya mbele ya mkubwa. Nilimwona anashuka. Ningeweza kumzuia, na sikumzuia kwa sababu nilipenda. Nilikawia hata kupokea kikombe, ili wageni waone.

Kikombe kilimponyoka. Akalala ubavu, macho wazi.

Nilivuta pumzi nikiwa wima, nikaibana, nikainama, nikamshika kitenge kiunoni na kumburuta mpaka juu ya mwamba. Wageni niliwaamuru watoke bila kuinama. Masika hakuwa anapumua. Nikampulizia hewa mdomoni tena na tena, huku nikimwomba Mungu. Hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata juu ya gamba lolote. Mwishowe akakohoa.

"Chai imemwangika, Kiongozi," akasema. "Unisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Nilipofika Kasese nilimwambia Meneja kwamba sikushusha taa. Habari ya magoti sikumwambia. Aliniuliza kwa nini asinifukuze, nikamjibu kwamba sina sababu ya kumpa.

"Sasa utakuwa unashusha taa," akasema. "Rudi kazini."

Niliishusha kila asubuhi mpaka nilipostaafu, na hakuna mwingine aliyeanguka mikononi mwangu. Niliweka na sheria: kwenye lava heshima hutolewa mtu akiwa wima, hata kama mgeni ni askofu. Masika aliacha sufuria akashika fimbo. Nilimfundisha yote niliyoyajua, na baada ya miaka michache sikio lake likawa kali kuliko langu.

Siku hizi naishi Bwera, nina kahawa yangu kidogo shambani, na miguu haitaki tena mlima. Juzi Masika, ambaye sasa ndiye Kiongozi Mkuu, alinitembelea pamoja na vijana anaowafundisha. Alipofika uani mbele ya kiti changu, akaanza kushuka.

"Masika, hapana," nikasema. "Simama."

"Hapa hewa iko muzuri, Muzee," akajibu, akapiga magoti taratibu.

Nilishindwa kubaki kwenye kiti. Nilishuka nami, nikapiga magoti mbele yake, vijana wakitazama, nikamwambia nilichokificha miaka yote: kwamba siku ile nilimwona anashuka, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kupigiwa magoti. Nikamwomba anisamehe.

Masika akanishika mikono yote miwili.

"Nilijua, Muzee," akasema. "Mukono yako ilikawia kushika kikombe."

Nililia. Kisha nikajaribu kuinuka, magoti yakakataa, na ilibidi vijana wawili waninyanyue.