Mashavu Yalipojaa

Jumanne ya mwisho ya Machi, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi wa kushona nyavu za dagaa. Tangu hapo sizungumzi na dada yake, wala sitaki mtu atupatanishe.

Ugonjwa ulianza kifuani. Hapa Ujiji kila mtu alisema TB, lakini makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Kisha uso ukalala upande mmoja. Jicho la kushoto likawa halifumbi, chai ikamchuruzika kidevuni. Majirani wakasema kapigwa na jini wa ziwani. Hospitali ya rufaa ndiyo iliyotuambia ni sarkoidosisi: vivimbe vidogo vilivyoanzia kwenye mapafu, sasa vimefika kwenye mishipa ya fahamu na ubongo. Daktari hakuahidi kwamba atapona. Alichosema, tena akakirudia, ni kwamba vidonge alivyompa visikatishwe ghafla.

Vidonge vile vilimvimbisha. Mashavu yakajaa, shingo ikanenepa. Kwetu mgonjwa akijaa mwili, basi amepona, hakuna anayeuliza zaidi. Wifi yangu alipofika kutoka Mwamgongo alimzunguka akicheka.

"Kaka yangu huyo! Umekuwa bosi! Na huyu bado anakulisha madawa?"

"Wifi, huo ni uvimbe wa dawa. Siyo afya."

"Wewe unataka augue ili umtawale. Mwanaume mzima unamfungia ndani kama mwali!"

Mume wangu alicheka kwa nusu ya uso. Alikuwa amechoka na vidonge, na mimi pia alinichoka. Nilimtilia vidonge mfukoni. Akavitoa, akaviweka mezani, akaondoka na dada yake kwa boti kwenda Mwamgongo.

Nilipiga simu. Wifi akapokea: "Anakula, analala. Tuache tupumue." Akakata.

Wiki haikuisha. Kichwa kilimshika, akatapika, akaanza kukakamaa kwa kifafa. Wakampakia kwenye boti wamlete mjini. Alikata roho njiani.

Sijui kama vidonge vingemwokoa. Najua kwamba alinyimwa nafasi hiyo, na najua ni nani aliyemnyima.

Siku ya kuanua tanga nguo zake ziligawiwa. Wifi akaja mbele yangu, shati la marehemu likiwa kwapani.

"Wifi, nipe mkono tuagane. Mungu kampenda zaidi."

"Usimsingizie Mungu," nilimwambia. "Uliyemchukua ni wewe."

Mikono yangu ilibaki ndani ya kanga. Akageuka, akaenda Kibirizi kupanda boti.